Bifu ya Barafu: Mwamba Uliopotea Ulikuwa Kiasi Gani?

Kuna namba inazunguka mtandaoni kuhusu Mlima Kenya. Ati zamani ulikuwa na urefu wa mita 6,500, wengine wanasema 7,000, halafu barafu ikaukata mpaka tukabaki na hii 5,199 ya Batian. Iko kwa kurasa za utalii, iko kwa video za wasee wakipanda mlima, na kila mtu anaipitisha tu kama risiti. Swali ambalo huwa haliulizwi ni hili: nani alipima? Huo mwamba haupo. Unapimaje kitu hakipo?

Njia ya kawaida ni hii. Unaangalia miteremko ya chini ya mlima, ile ambayo haijaharibiwa sana, unachukua rula unaipandisha juu mpaka pande mbili zikutane hewani. Hapo zinapokutana unasema, kilele kilikuwa hapa. Shida ni kwamba volkano si koni ya aiskrimu. Inaweza kuwa na midomo kadhaa, inaweza kujiporomokea yenyewe, na huu mlima ulizima zaidi ya miaka milioni mbili na nusu iliyopita. Muda wote huo mvua ilikuwa inafanya kazi, mito ilikuwa inafanya kazi. Kwamba kuna mwamba umeenda, hiyo haina ubishi: Batian na Nelion ni ule uji wa moto ulioganda ndani ya koo la volkano, na koo haliwezi kukaa juu bila shingo. Lakini kusema umeenda kiasi gani, halafu useme barafu peke yake ndiyo iliukula, hapo mzee unakisia.

Nikaanza kufuatilia wanasayansi wenyewe huwa wanakadiria vipi. Nikapata kesi tamu kuliko nilivyotarajia, na haikupiganwa hapa kwetu. Ilipiganwa juu ya Kanada, Scotland na Skandinavia, mahali ambapo barafu haikuwa kofia ya mlima. Ilikuwa blanketi limefunika nusu ya bara, unene wa kilomita mbili, tatu. Na majibu waliyokuwa wakipeana yalitofautiana si kidogo. Mmoja anasema barafu ilipangusa vumbi tu, mwingine anasema ilichimba mamia ya mita na zaidi. Mahali pale pale.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu kimoja. Barafu ni laini. Haiwezi kukwaruza itale, ile miamba migumu ya chini kabisa. Kinachokwaruza ni mawe na mchanga ulioganda chini ya barafu, ikisonga inayavuta kama msasa wa fundi wa mbao. Kazi ya pili ni kung'oa: maji yanaingia kwenye nyufa za mwamba, yanaganda, barafu ikisogea inaondoka na kipande kizima. Zote mbili zinahitaji barafu iteleze. Kumbuka hilo neno, kuteleza, kwa sababu ndilo lilikuja kuamua kesi.

Sasa historia. Mtu wa kwanza ninayempenda hapa hakuwa profesa. Anaitwa Jean-Pierre Perraudin, mwindaji wa milimani huko Uswisi, bonde la Bagnes. Alikuwa anapita kwenye mabonde anaona mikwaruzo kwenye miamba na mawe makubwa yamekaa mahali hayana ndugu, akaunganisha: barafu iliyo kule juu ilikuwa imefika huku chini zamani. Mwaka wa 1815 akamweleza Jean de Charpentier, msomi wa madini, na Charpentier akaona hiyo ni hekaya ya mkulima. Baadaye Charpentier mwenyewe akaja kuitetea hiyo hekaya. Mimi niliacha campus kabla ya kumaliza, kwa hivyo nikisoma kitu kama hicho natabasamu kidogo, wacha nisidanganye.

Aliyepata jina ni Louis Agassiz. Mwaka wa 1837, mbele ya wasomi wenzake Neuchâtel, akatangaza kwamba kulikuwa na enzi ya barafu, sehemu kubwa ya Ulaya ikiwa chini yake. Watu wakapinga, halafu pole pole wakakubali. Na kwa sababu jina lake liko kwa vitabu vyote, wacha niseme na hii nyingine. Huyu huyu Agassiz alihamia Marekani akafundisha Harvard, na akawa anahubiri kwamba watu weusi waliumbwa kando, si jamii moja na wazungu. Mwaka wa 1850 aliagiza picha za watumwa wa South Carolina wakiwa wamevuliwa nguo, kutafuta ushahidi wa hiyo imani yake. Mmoja wao aliitwa Renty. Jamaa alisoma mikwaruzo ya mawe vizuri kabisa, akashindwa kumsoma binadamu aliyesimama mbele yake. Tuendelee.

Kukubali barafu ilikuwepo ni jambo moja. Kukubali ilichimba ni lingine. Mwaka wa 1862 Mskoti Andrew Ramsay alisimama mbele ya wanajiolojia London akasema maziwa mengi ya Alps na Uingereza ni mashimo yaliyochimbwa na barafu. Akawashiwa moto. Charles Lyell, ambaye wakati huo alikuwa kama jaji mkuu wa jiolojia, hakukubali. Roderick Murchison hakukubali. Hata John Ruskin, mhakiki wa sanaa, alijitosa kwa bifu. Hoja yao ilikuwa na maana ukiisikiliza: barafu inatambaa polepole, itachimbaje shimo halafu ipande tena kutoka upande wa pili? Ramsay alikuwa sahihi kuhusu maziwa mengi, lakini hakuna aliyekuwa na njia ya kusema kiasi. Hiyo ilikaa miaka mia moja hivi, kila mtu na hisia zake.

Twende Kanada sasa, hapa ndipo moto uko.

Fungua ramani ya simu, angalia Kanada. Utaona maziwa hayahesabiki, na katikati kuna Hudson Bay kama mtu ameuma mkate. Halafu fuata maziwa makubwa: Great Bear, Great Slave, Winnipeg, mpaka Great Lakes. Yanatengeneza upinde kuzunguka sehemu ya katikati, na hiyo sehemu ni mwamba mtupu, wa zamani sana, umri wa mabilioni ya miaka. Nje ya upinde mwamba huo mkongwe umefunikwa na mawe ya tabaka, kama chokaa, ya baharini. Ndani ya upinde hilo tabaka limetoweka sehemu kubwa. Na kitovu cha blanketi la barafu la mwisho, ambalo lilikuwa kwa kilele chake miaka kama 21,000 iliyopita, kilikuwa huko huko ndani.

Mwaka wa 1972 mwanajiolojia Mmarekani W. A. White aliangalia hiyo picha akasema: si iko wazi? Barafu ndiyo ilimenya. Ilitoa lile tabaka la juu lote, ikaingia kwenye mwamba mkongwe, ikachimba zaidi katikati, na Hudson Bay ndiyo kidonda chenyewe. Uzuri wa hoja ya White ni kwamba unaiona kwa macho. Ukionyesha mtoto wa darasa la sita hiyo ramani atakwambia vilevile. Na ndiyo maana naiogopa. Kitu kikubwa, shimo kubwa, basi kimoja kimesababisha kingine. Hivyo ndivyo fitina za mtaa huanza.

Miaka minne baadaye, 1976, David Sugden kutoka Uingereza akajibu, na kichwa cha makala yake kilikuwa wazi kwamba anatetea upande wa pili: barafu haikuchimba sana hizo ngao za mwamba mkongwe. Wakati huo huo wengine pia walikuwa wanamkosoa White. Sikiliza hoja zao, moja moja ni kama wakili mahakamani.

Kwanza, chini ya Hudson Bay yenyewe kuna yale mawe ya tabaka. Yako pale. Kama hapo ndipo barafu ilichimba kuliko kwingine kote, ilikuwaje ikaacha tabaka laini la juu kwenye sakafu ya shimo? Ni kama kuambiwa mwizi alivunja nyumba yote akabeba hadi mabati, lakini ukiingia unakuta simu iko juu ya meza.

Pili, kuna vipande vya tabaka hilo vimebaki huku na huku juu ya mwamba mkongwe, na pale vilipo unaona uso wa mwamba ulio chini yake. Ule uso hauko juu sana kuliko uso wa jirani uliobaki wazi. Maana yake tabaka liliondolewa kitambo, na mito na mvua ya mamilioni ya miaka, kabla barafu kufika. Barafu ilikuta kazi imefanywa.

Tatu, na hii ndiyo naipenda: uchafu uko wapi? Ukichimba shimo, udongo lazima uweke mahali. Kama barafu ilitoa mwamba mwingi hivyo, rundo lake linapaswa kuonekana. Na rundo lililoko nchi kavu, ule udongo wenye mawe uliotapakaa mpaka kusini ya Great Lakes, halitoshi hata kidogo.

Hapo Sugden anaonekana ameshinda. Lakini ule uchafu haukuishia nchi kavu. Mito iliyotoka chini ya barafu ilikuwa inaubeba hadi baharini. Na wakati huo huo kulikuwa na meli zikitoboa sakafu ya bahari kuu na kutoa nguzo za matope kwa utafiti. Mwaka wa 1985 Bell na Laine wakachukua takwimu za hayo matope, wakajumlisha yale yaliyotoka upande wa blanketi la Kanada, wakayarudisha juu ya ardhi kwa hesabu. Wakapata wastani usiopungua mita 120 za mwamba. Mita 120! Jengo la KICC halina tofauti kubwa na hiyo. Makadirio ya zamani yaliyotegemea rundo la nchi kavu yalikuwa madogo mara kadhaa.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nane. Chukua mfano wangu rahisi: ukipata matope ya kilomita za ujazo milioni moja, na eneo yalikotoka ni kilomita za mraba milioni kumi, gawanya, unapata kilomita 0.1, yaani mita 100. Ugumu hauko kwa kugawanya. Ugumu uko kwa kujua matope yapi ni ya barafu na yapi yangekuja tu na mito hata bila barafu. Pia mwamba mgumu ukigeuka matope unachukua nafasi kubwa zaidi, lazima uushindilie tena kwa hesabu. Na baadhi ya hayo matope si mwamba mpya, ni udongo uliokuwa umekaa juu tangu zamani, barafu ikaufagia. Kila mahali hapo unaweza kuongeza ama kupunguza.

Halafu wastani unadanganya. Ukiambiwa wastani wa mshahara kwa ofisi ni laki moja, na bosi anachukua milioni, we ujue kuna mtu analala njaa. Barafu iko hivyo hivyo. Nenda Norway, kuna Sognefjord, mkono wa bahari unaoingia ndani kilomita zaidi ya 200, kina zaidi ya mita 1,300 mahali pengine, na kuta zinapanda juu ya maji. Hapo barafu ilichimba bila huruma. Lakini juu, pembeni ya hilo bonde, kuna nyanda zimetulia kama hakuna kilichotokea.

Sugden alikuwa ameona kitu hiki mapema kwenye milima ya Cairngorms huko Scotland. Huko kuna mabonde yenye umbo la U, yamechimbwa sawasawa, na juu yake kuna minara ya itale, mawe yamepangana moja juu ya jingine. Kama umewahi kufika Kit Mikayi kule Kisumu unajua naongea nini: jiwe juu ya jiwe, unaona kama upepo utaangusha. Kit Mikayi haijawahi kuona barafu. Minara ya Cairngorms imeona, ilikuwa chini yake, tena si mara moja. Na bado imesimama.

Inawezekanaje? Kuteleza. Barafu iliyo nene na yenye joto kidogo chini inayeyuka pale inapogusa mwamba, inapata maji, inateleza, inakwaruza. Barafu nyembamba ya mahali pa juu penye baridi kali inagandiana na mwamba kama nyama kwenye friza. Haitelezi. Inakaa juu ya ardhi miaka elfu kumi na ikiondoka inaacha kila kitu kilivyokuwa. Blanketi lile lile moja, sehemu moja msasa, sehemu nyingine blanketi kweli kweli.

Sasa hii ilikuwa hoja nzuri, lakini kwa miaka mingi ilikuwa ya kuangalia kwa macho tu. Ushahidi ulikuja kutoka angani, na hapa wacha nitulie kidogo kwa sababu ni akili ya ajabu.

Kila sekunde dunia inapigwa na miale kutoka anga za mbali. Ikigonga madini ya kwatzi kwenye jiwe inatengeneza atomu adimu, kati yake beriliamu-10. Jiwe likikaa wazi muda mrefu linajaza hizo atomu polepole. Ni kama vumbi kwa gari lililopaki. Lakini miale haiingii mbali. Ukishuka mita mbili, tatu ndani ya mwamba karibu hakuna kitu. Kwa hivyo barafu ikitoa mita tatu za juu, inatoa vumbi lote, saa inarudi sufuri. Barafu ikiyeyuka saa inaanza upya.

Sasa fikiria mfano: unajua barafu iliondoka mahali miaka 10,000 iliyopita. Unapima jiwe, saa inasoma miaka 60,000. Miaka 50,000 ya ziada imetoka wapi? Ni ya kabla ya barafu. Maana yake barafu ilipita juu ya hilo jiwe na haikutoa hata mita tatu. Hiyo ndiyo iliyopatikana kwenye minara ya Cairngorms na ya kaskazini mwa Sweden: mawe yenye historia ya mamia ya maelfu ya miaka, yamepita chini ya barafu mara kadhaa. Ubaya wa hii saa ni kwamba ikisoma umri sawa na siku barafu ilipoondoka, inakuambia tu zaidi ya mita tatu zimeenda. Tatu ama mia tatu, kwake ni sawa. Kwa hivyo inafaa mahali palipochimbwa kidogo, na matope ya baharini yanafaa kwa jumla. Hakuna kipimo kimoja kinachoweza peke yake.

Na kuna Greenland, ambako barafu bado iko. Wakati wa vita baridi jeshi la Marekani lilijenga kambi ndani ya barafu, Camp Century. Mbele za watu ilikuwa ya sayansi, nyuma kulikuwa na mpango wa siri wa kuficha makombora ya nyuklia. Makombora hayakuwahi kuwekwa. Lakini wanasayansi wa pale walitoboa kweli, na mwaka wa 1966 wakafika chini, karibu mita 1,390, wakaendelea mita tatu na nusu ndani ya udongo. Huo udongo ukasahaulika kwa friza miongo kadhaa, ukapatikana tena Copenhagen mwaka wa 2017. Walipoufungua wakakuta vijiti na majani ya kuvumwani. Mimea! Chini ya barafu zaidi ya kilomita moja. Na kutoka shimo jingine katikati ya Greenland, wenye zaidi ya kilomita tatu za barafu juu yake, utafiti wa 2014 ulipata mabaki ya udongo wa takriban miaka milioni 2.7. Si mwamba. Udongo, ule wa kupandia sukuma. Barafu imekaa juu yake na haijaufagia.

Unaweza kuuliza, sawa, inanihusu nini? Uliza Wafini. Kule Olkiluoto wamechimba Onkalo, handaki la kuzika taka za nyuklia ndani ya mwamba, takriban mita 430 chini. Sweden iliidhinisha lake Forsmark mwaka wa 2022, karibu mita 500 chini. Hizo taka zinahitaji kukaa salama miaka laki moja na zaidi. Na ndani ya huo muda, barafu inaweza kurudi Skandinavia. Kwa hivyo lile swali la White na Sugden, lililokuwa la watu wa vitabu, sasa lina uzito wa sumu: kama barafu inachimba mamia ya mita, umezika shida kwa kaburi la kina kifupi. Kama inachimba mita chache, mko sawa.

Forsmark walikuwa na bahati moja. Eneo hilo lina uso tambarare wa zamani, wa zaidi ya miaka milioni 500, ambao sehemu nyingine bado umefunikwa na mawe ya tabaka. Unaunyoosha huo uso hewani kama rula, halafu unapima ardhi ya leo imeshuka kiasi gani chini yake. Ni ile ile mbinu ya Mlima Kenya, tofauti ni kwamba hapa rula imelazwa juu ya kitu kilichokuwepo kweli, si koni ya kufikirika. Wakaongeza beriliamu. Hesabu zikatoka kwenye makumi ya mita kwa vipindi vyote vya barafu, si mamia.

Sisi tumekuwa na mjadala wetu wa nyuklia. Watu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kukataa kinu kijengwe kwao, baadaye macho yakageukia Siaya. Barafu haitafika Siaya, hilo tuache. Lakini kwa maneno yote niliyosikia ya megawati na ajira, la taka huwa linapitwa haraka, wakati Wafini na Waswidi walikaa chini wakapima hata mikwaruzo ya barafu ambayo haijazaliwa. Mkutano wa hadhara ukifika kwenu, uliza hiyo: zitakaa wapi, chini ya mwamba gani, na nani alipima.